Shangazi wa Michoro, na Kosa Langu la Milimita Tatu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, mchoraji mwandamizi wa nyumba yetu ya uchapishaji atazima taa ya meza yake na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Katika orodha ya wafanyakazi ana jina na namba, lakini kuanzia kwa mafundi wa kufunga vitabu ghorofa ya chini hadi kwa mkurugenzi huko juu, hakuna anayemwita vingine isipokuwa Shangazi. Hata madereva wanaoleta karatasi, kabla hawajashusha mzigo, huuliza kwanza kama Shangazi yupo.

Mwandishi wa wasifu huu ni mkuu wa kitengo cha michoro. Amekaa meza ya jirani na Shangazi kwa miaka kumi na tisa, na aliombwa kuandika kwa kuwa inaaminika anamfahamu kuliko wengine. Hii ni nakala ya nne. Tatu za kwanza zilikuwa nzuri sana, zimejaa sifa kutoka juu hadi chini, na zote ziliishia kapuni. Sababu yake itaonekana mbele, na msomaji anaombwa avumilie, maana mwandishi mwenyewe anaisogelea kwa kusitasita.

Shangazi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, enzi za wino wa chupa na kalamu za chuma. Mchoro mmoja wa figo ulichukua siku mbili. Ukikosea mstari, ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, bila kutoboa karatasi, kisha ukapuliza vumbi na kuanza upya. Walioajiriwa pamoja naye wanasema wembe wake ulikaa mwaka mzima bila kuisha makali, kwa sababu haukuwa na kazi nyingi. Huchora kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa na adabu ya ajabu: ulikwenda ulipotumwa, ukasimama ulipoambiwa.

Kama ulisoma shule katika miaka hii thelathini, huenda ulishawahi kupaka penseli ya rangi juu ya jicho, jani la mharage au pampu ya maji iliyochorwa na Shangazi. Hakuweka sahihi. Vitabu vya shule haviweki jina la mchoraji kwenye jalada, na yeye hakulalamika. Alisema inatosha kwamba mtoto akiliona sikio kitabuni, na akimtazama mwenzake pembeni, aone ni sikio lile lile.

Kwa usahihi, hakuwa na mchezo. Mwaka mmoja mhariri alimwambia panzi wa ukurasa wa arobaini na mbili ana miguu mirefu kupita kiasi. Shangazi hakubishana. Kesho yake alikuja na panzi mzima ndani ya chupa ya jamu, akamweka mezani, akaanza kumpima kwa rula. Bahati mbaya kifuniko kikalegea, panzi akatoka, akapita mlango wa mkurugenzi uliokuwa wazi, na akatua kwenye faili la wageni waliokuja kukagua hesabu. Shangazi aliingia bila kubisha hodi, akamnasa kwa kiganja, akaomba radhi, na alipokuwa akitoka akageuka kumwambia mhariri aliyekuwamo ndani kwamba sasa amejionea miguu mwenyewe. Ukurasa wa arobaini na mbili ukapita kama ulivyokuwa.

Wachoraji sita wa kitengo hiki wamepita mikononi mwake. Alituita wapwa, na kila mpwa alipewa jina la nyumbani. Mimi, kwa sababu ya urefu ambao mlango wa chumba chetu umenikumbusha mara nyingi kwenye paji la uso, niliitwa Mrefu. Ndiyo, mwandishi wa wasifu huu ni mimi, na sioni faida ya kuendelea kujificha nyuma ya neno mwandishi.

Miaka minne iliyopita zililetwa skrini za kuchorea. Kwa wasiopanda hadi chumba chetu: ni skrini pana inayolala mezani, unachora juu ya kioo chenyewe kwa kalamu maalumu, na mstari unaonekana pale pale chini ya ncha. Ni chombo kizuri. Kinafuta bila wembe, kinakuza jani hadi uone vinyweleo, na mchoro wa siku mbili unakwisha kabla ya chakula cha mchana. Wiki ya kwanza Shangazi alikuwa akimaliza mstari anainama na kuupulizia kioo ili wino ukauke. Tulicheka hadi tukashika mbavu, na yeye akacheka pamoja nasi. Akasema skrini isipopulizwa itaona imedharauliwa.

Skrini hizo zilikuwa tano na nilizifunga mimi, asubuhi moja. Zina jambo moja ambalo lazima lifanyike mwanzoni. Kioo kina unene wake, kwa hiyo kati ya ncha ya kalamu na picha iliyo chini kuna pengo dogo, na mahali unapoiona ncha panategemea umekaaje, jicho lako liko juu kiasi gani, na unashika kalamu kwa mkono upi. Skrini inakuletea alama nne za msalaba pembeni, unazigusa moja moja ukiwa umekaa unavyokaa, nayo inakujua. Sisi tunaita kulinganisha. Inachukua dakika moja, na kila mtu anatakiwa ajilinganishie mwenyewe. Mimi nilizilinganisha zote tano kwa mkono wangu wa kulia, nimesimama, skrini zimelala mezani, kwa sababu nilitaka kumaliza kabla ya saa nne.

Wale wengine wanne, kwa utundu wao, walifungua mipangilio siku hiyo hiyo na kurekebisha kila kitu kwa matakwa yao. Shangazi hakufungua, kwa sababu nilimkataza. Wiki moja nyuma alikuwa amebonyeza kitu kwenye kompyuta ya kawaida, menyu zote zikapotea, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba huko kwenye mipangilio asiguse, akiwa na shida aniite. Yeye ni mfupi. Anakaa chini, anainua skrini kwa stendi yake ya nyuma ikae mshazari kama meza ya zamani ya kuchorea, na anachora kwa mkono wa kushoto. Kwa macho yake na mkono wake, mstari ulitua milimita tatu kando ya pale alipouweka.

Milimita tatu si kitu ukichora nyumba. Ukichora vali za moyo, milimita tatu ni mshipa unaopita nje ya ukuta wake.

Aliniambia baada ya siku chache. Maneno yake nayakumbuka: “Mrefu mwanangu, mstari hauendi ninapoutuma.” Nilimjibu bila kunyanyua kichwa, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba mashine haina mazoea na haikosei, ni suala la kuzoea tu. Watu wakacheka kidogo. Nilikuwa na furaha siku ile, furaha ya mtu anayejua kitu ambacho mwalimu wake hakijui.

Mara ya pili aliniita kabisa niende mezani kwake. Nikaenda. Nikasimama nyuma ya bega lake, nikachukua kalamu, na nikiwa nimesimama hivyo hivyo nikachora duara. Likafunga bila pengo. Nikachora mistari miwili ya kukutana, ikakutana. Bila shaka ilikutana, skrini ilikuwa imelinganishwa na mimi! Lakini hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Nilimrudishia kalamu na kumwambia unaona, haina tatizo. Shangazi akalitazama lile duara, kisha akautazama mkono wake wa kushoto. Hakuniita mara ya tatu.

Kuanzia hapo akawa anachora polepole, macho kwenye kishale kinachotembea ndani ya kioo badala ya ncha ya kalamu, akijitahidi kufidia kosa ambalo alidhani ni la vidole vyake. Mwezi wa nane ilirudi michoro ya kitabu cha biolojia. Mhariri mkuu alikuwa amezungushia wekundu sehemu kumi na saba, na nyingi zilikuwa kwenye mchoro wa moyo, pale ambapo mistari ilitakiwa kugusana na haikugusana. Kikaitishwa kikao kidogo cha watu watatu, nami nikiwamo. Niliulizwa kama huenda ni skrini. Nikasema hapana, nimeijaribu mwenyewe. Ni mimi niliyependekeza, kwa upole mwingi na kwa lugha ya heshima, iandikwe kwenye faili lake kwamba mkono umeanza kuchoka, na kwamba apewe kazi nyepesi.

Kazi nyepesi ilikuwa kuweka herufi. A kwenye mshipa, B kwenye vali, C kwenye misuli, juu ya michoro ya watu wengine, kwa kipanya, kwenye kompyuta ya pembeni karibu na kabati la karatasi. Skrini yake ilifunikwa kitambaa. Miezi minne baadaye nafasi ya mkuu wa kitengo ikatangazwa. Kila mtu alitegemea iwe yake, na ingekuwa yake. Faili likasomwa, nikapewa mimi. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono wa pongezi. Alinipa ule wa kulia.

Sasa nifike pabaya zaidi, maana hadi hapa ningeweza kusema sikujua.

Miezi kumi na minne iliyopita tuliajiri mchoraji mpya, dada mchangamfu asiye na simile. Tulimpa ile skrini ya chini ya kitambaa. Alikaa, akavuta mistari mitatu, akasema, “Kaka, hii haijalinganishwa hii,” na kabla sijamjibu akafungua mipangilio. Pale juu paliandikwa tarehe ambayo skrini ililinganishwa mara ya mwisho. Ilikuwa ile asubuhi niliyozifunga zote. Akagusa misalaba minne, akachora, mistari ikakaa, akaendelea na kazi zake. Kwake lilikuwa jambo la dakika moja.

Mimi nilikuwa nyuma yake nimesimama na kikombe cha chai. Niliielewa yote kwa mpigo, kikao, faili, herufi, cheo changu. Shangazi alikuwa hatua nane kutoka pale, ameinamia kipanya, anaweka D kwenye figo lililochorwa na mwingine. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua nane. Nilikwenda dirishani, nikamaliza chai, nikarudi mezani kwangu. Nikajiambia nitamweleza Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na kikao. Kisha nikajiambia kwamba kwa umri wake huenda amepumzika na hizo herufi, kwamba nikifukua jambo hili nitamuumiza bure. Ukitaka kujua mtu mwoga anavyoongea na nafsi yake, njoo uniulize mimi. Kwa miezi kumi na minne nilimsalimia kila asubuhi, shikamoo Shangazi, naye akaniitikia marahaba mwanangu, na kila marahaba iliniingia kama mwiba nikaizoea hivyo hivyo.

Kisha utawala ukaniletea fomu ya wasifu, na ndani yake sentensi iliyokwisha kuandikwa kutoka kwenye faili: alipopungukiwa na uwezo wa mkono, alipokea kwa unyenyekevu majukumu mepesi. Nilitakiwa kuipamba tu. Nakala ya kwanza niliipamba. Ya pili niliiruka. Ya tatu niliandika kwamba palikuwa na changamoto za mpito wa teknolojia, na nilipoisoma niliona haya hata kuwa peke yangu chumbani nayo.

Jumanne iliyopita, wenzetu walipokwenda kunywa chai, nilimwomba Shangazi aketi kwenye ile skrini. Alidhani namtaka kwa picha ya kuagana, akaweka sawa kilemba. Nikamwambia aiinue skrini anavyopenda, akae anavyokaa, aguse misalaba minne. Akagusa. Nikamwomba achore chochote. Akaweka kalamu chini, akasema, “Mrefu, usinifanyie hivi wiki zangu za mwisho.” Nikamwomba tena. Akaichukua kwa mkono wa kushoto, na bila kuniuliza akaanza kuchora moyo, ule ule uliorudishwa ukiwa na miduara myekundu. Alichora ukuta, akachora vali, akaishusha mistari miwili membamba, ikakutana. Akachora mingine miwili, ikakutana. Akasimamisha kalamu juu ya kioo.

Nikamweleza yote, kuanzia ile asubuhi ya haraka hadi kile kikombe cha chai.

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja: “Kwa hiyo mwaka mzima huu ulikuwa unajua?” Nikasema ndiyo. Ndipo akaniambia mambo ambayo mpwa aliyekaa jirani naye miaka kumi na tisa hakuwahi kuuliza. Kwamba kila jioni mumewe alimchemshia maji ya chumvi kwenye beseni, akauloweka mkono. Kwamba alikwenda kwa daktari mara mbili, daktari akasema haoni ugonjwa, na yeye akaamini anafichwa. Kwamba hakujaribu tena kuchora hata kwenye karatasi nyumbani, kwa kuogopa kupata uhakika. Mjukuu wake alimwomba amchoree paka kwenye daftari, naye akamwambia mkono wa bibi unaumwa. “Mwaka wa nne huu,” alisema, “mtoto anajua bibi yake hawezi kuchora paka. Na wewe unakunywa chai.”

Nilimwomba msamaha. Alisema habari za msamaha zisubiri, kwanza niandike. Nimwandike yeye alivyo na mimi nilivyo, nisilete maneno ya hitilafu za kiufundi, na siku ya kuagwa nisimpe mtu mwingine asome, nisome mwenyewe nikiwa nimesimama. “Kusimama si ndiyo kazi yako,” alisema, na hapo akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikunialika nicheke naye.

Barua ya kusahihisha faili lake imekwisha kwenda utawala, ikiwa na sahihi yangu na ya mhariri mkuu, na ndani yake nimeeleza pia namna nilivyopata nafasi niliyonayo. Uamuzi kuhusu nafasi hiyo si wangu tena. Ila hakuna barua inayoweza kurudisha muda. Tangu Shangazi ahamishiwe kwenye herufi, nyumba hii imetoa vitabu kumi na kimoja bila mstari wake hata mmoja. Maelfu ya watoto wamejifunza moyo kutoka kwa mikono iliyokuwa dhaifu kuliko wake, wangu ukiwamo.

Kwa desturi hapa huandikwa kwamba mstaafu ataacha pengo. Pengo lake tulilichimba wenyewe mapema, naye akafanya kazi pembeni yake kila siku bila kuchelewa hata asubuhi moja, akafundisha waliokuja, akaleta ndizi za kuchemsha siku za mvua, akatupa marahaba. Kwa niaba ya kitengo cha michoro, wahariri, mafundi wa kufunga vitabu na madereva wa karatasi, asante kwa kazi ya miaka thelathini na mitatu, na asante kwa kutuvumilia ile minne ambayo hatukustahili kuvumiliwa.

Shangazi, wote walio ukumbini sasa wamesikia: mkono wako ulikuwa mzima siku zote. Uende na afya, umkute mzee wako nyumbani salama, uishi maisha marefu na mema, na kila unachokitaka mkono wako ukitende. Mimi nimefika mwisho wa karatasi yangu. Kiti changu kiko hapa nyuma, lakini sitakikalia. Nitabaki nimesimama mpaka uniambie nikae, na usiponiambia, nitaelewa.